Shajeri Mbili

Benchi langu ni taruma la reli lililolazwa juu ya matofali, kwenye kona ambapo njia ya kuteremka bandarini inakutana na ile ya kwenda biro ya kuandikisha wahamishwa. Mimi ndiye Mwavita. Kahawa ni yangu, tangawizi ni yangu, benchi ni langu, na anayekaa bila kunywa namuinua hata awe mkubwa wa nani. Mwaka ule wa 2017, vijiji vya barabara ya Nyunzu vikiungua kimoja baada ya kingine na watu wakimiminika kwenye kambi ya Katanika na magodoro kichwani, wateja wangu wa kila asubuhi walikuwa watatu. Papa Grégoire tulimwita Chef de Gare, maana alikuwa mkubwa wa stesheni zamani, na hadi leo anaongea utadhani treni inamsubiri yeye. Abdoul-Karim tulimwita Kigoma. Anavuka ziwa kuleta bidhaa, na kwake kila kitu cha ng'ambo ni kizuri kuliko cha hapa. Célestin alikuwa Voltaji. Alichaji simu za watu kwa betri ya gari na sahani ya jua aliyoiegemeza kwenye ukuta wangu bila kuniomba ruhusa.

Siku ninayoisimulia sikucheka nao. Binti yangu Mouna, mtoto pekee niliyebaki naye, alikuwa mwisho wa benchi na mashine mbili mapajani: tableti nene iliyovikwa mpira mweusi pande zote, na laptopu ya kijivu. Mouna alikuwa mwandikishaji. Saa tano gari la biro lingeondoka kwenda barabara ya Nyunzu kuandika majina ya waliokimbia, na biro ilimwambia achague mashine moja, atie sahihi, arudishe nyingine. Angepita barieri, kizuizi cha wenye bunduki, ileile ambapo mwenzake Aristote alishikwa juzi. Habari tuliletewa na mtu wa pikipiki ambaye hata injini hakuzima: wamemshika sababu ya vitu vya mashine. Mashine gani? Alikuwa amekwisha kwenda.

— Bon, Mouna, alianza Voltaji. Miye nashika hizi vitu kila siku. Kamata tableti. Ukiiangusha, unaiokota. Ukiimwagia maji, unapangusa na nguo. Ile laptopu, vumbi ya kiangazi itaingia mu herufi. Siku tatu, A haiandiki tena. Utaandika wahamishwa wote bila A.

— Miye nitakuwa nani bila A? nikauliza.

— Utakuwa Mwvit, Mama.

— Mwvit hakupi kahawa. Endelea.

— Na betri, Mama. Tableti inamaliza siku. Laptopu ya biro inamaliza nini?

— Haifiki adhuhuri, alisema Mouna bila kuinua kichwa. Ya Aristote ilikuwa inakufa saa nne, saa tano. Alikuwa ananiandikia kila siku kulalamika.

Kigoma alikuwa ameweka kikombe chini kwa kishindo.

— Voltaji, unamutuma mutoto wa wenyewe akafe! Tableti iko na jicho nyuma. Ukiiinua hivi uandike, jicho inamuangalia muntu wa barieri kwa kifua. Atasema unamupiga foto. Kule Kigoma...

— Kigoma tena!

— Kule Kigoma, nakwambia, askari wa bandari walikamata muntu na tableti, wakaifunika na kofia mupaka mukubwa wao akafika. Saa nzima, kofia juu ya mashine, na askari kichwa wazi mu jua. Laptopu jicho yake inakuangalia weye mwenyewe. Muntu wa barieri anaona mugongo wake tu.

— Na muntu anayejificha nyuma ya kifuniko ni muntu gani? aliuliza Chef de Gare.

— Muntu anayeandika.

— Jasusi! Halafu laptopu unaisimamia namna gani? Inaomba meza. Meza inaomba kiti. Mutoto wa Mwavita atakaa na meza na kiti katikati ya pori, watu wamepanga mustari mbele yake. Watasema tribunal imefika kuwahukumu.

Mouna aliwasha tableti, akaizima, akaiwasha tena. Nilimzaa, najua mikono yake ikiwa na hofu inafanya nini.

— Mazuri yake nayajua, Papa, alisema. Naishika mukono mumoja nikisimama, na mu jua naisoma. Lakini kuandika ni kwa kidole. Kidole kikiwa na jasho, naandika Ngoy, inatoka Nhou. Siku ya kugawa unga, Ngoy anasimama, jina lake haliko. Anarudi na watoto wake hivihivi. Kwa laptopu naandika haraka na sikosei.

— Njo hapo! alisema Kigoma. Laptopu!

— Lakini nikiwa na watu mia nne mbele yangu na mashine imekufa saa nne, nitawaambia nini?

Kigoma akaiacha betri pale, akatafuta jingine.

— Sikia, Mama Mwavita. Sikutaka kukuogopesha. Ile tableti inaongea na satelaiti. Kila pahali unapoiwasha, huko juu panakuwa na alama. Wenye vita wananunua zile alama. Ukiandika wahamishwa mu kijiji, kesho yake kijiji inaungua. Muliwahi kujiuliza kwa nini?

— Vijiji vilianza kuungua kabla ya tableti kufika, nilimwambia.

— Zilifika kwa siri!

— Na mpira wake, Voltaji alidakia, aliyekuwa upande wa tableti hadi sekunde ile, ule mpira si wa bure. Miye niliufungua mumoja. Ndani kuko kitu kidogo cheusi. Sikukigusa.

— Ni skrubu, alisema Mouna.

— Skrubu haina namba.

Nilijaza vikombe ili mikono yangu ipate kazi. Ilikuwa saa nne na robo. Dereva wa biro alikuwa amekwisha kuliegesha gari ng'ambo ya njia, anafunga turubai nyuma. Chef de Gare alilitazama lile gari, kisha akakohoa namna yake, ile ya kutangaza safari.

— Mu 98, alisema, nilikuwa na karatasi ya mabehewa. Kumi na mbili, na kilichomo ndani ya kila moja. Wakaingia stesheni na bunduki. Nani, sitasema. Mukubwa wao akataka kujua nini iko mu behewa ya nane. Nilikula ile karatasi.

— Uliikula?

— Yote. Na muhuri. Wino wake uko hapa paka leo, akagusa kifua. Walinipiga, lakini hawakusoma. Sasa Mouna, mutoto wangu, kati ya hizi mbili, uniambie ipi utaweza kula?

Hakuna aliyecheka. Nami nilirudisha birika juu ya makaa.

— Munachagulia mutoto wangu mashine utafikiri munachagua mabati, nilisema. Sitaki herufi, sitaki satelaiti. Nataka jambo moja. Ipi inapita barieri na mutoto akarudi?

— Tableti.

— Laptopu.

— Karatasi.

Walijibu wote pamoja, kila mmoja akiwakazia macho wengine.

— Biro wanasemaje? Voltaji alimwuliza Mouna.

— Madame Laetitia, mukubwa wetu wa biro, ameandika barua kwa wakubwa wa barieri. Mbili. Hakuna jibu. Na sheria yetu ni kwenda wawili wawili; Aristote alikuwa ametangulia, miye nimufuate. Sasa wanatafuta muntu wa kukaa mahali pake. Paka saa hii hawajapata.

Wanaume wakaanza kunywa kahawa kwa bidii.

Ndipo akaja mwanamke mmoja kutoka upande wa juu, vumbi hadi magotini, kitenge kimefungwa kifuani na simu ndogo mkononi. Hakuwa wa mtaa huu. Alimsalimu Voltaji kwanza, akaomba kuchajiwa, akasema anaitwa Mama Constance, ametoka njia ya Nyunzu, amelala mahali pawili njiani na leo amepata nyuma ya pikipiki ya mkaa. Nilimpa kikombe kabla hajamaliza. Nilimpa na nafasi ya kukaa, nikamsukuma Kigoma.

— Mama, alisema Mouna, na sauti yake ikawa ndogo. Mulipita barieri?

— Nilipita. Walitulaza pale jana, wakatuachilia asubuhi.

— Mulimuona kijana? Murefu, na miwani...

— Miwani imefungwa na uzi? Nilimuona. Amekaa chini, hana viatu.

Mouna alisimama. Tableti ilianguka kutoka mapajani, ikagonga jiwe, ikatulia pale bila hata mkwaruzo. Hakuna aliyeiokota, hata Voltaji.

— Wanamupiga?

— Sikuona kumupiga. Wanamuuliza. Jana paka giza wanamuuliza, asubuhi wameanza tena. Swali ni lile moja tu.

— Swali gani, Mama?

Mama Constance alikunywa, akakohoa kwa tangawizi, akajifuta mdomo.

— Wanasema: shajeri mbili iko wapi? Yeye anasema hajazipata, ni za mashine tu. Wao wanasema ndiyo, tunajua ni za mashine, sasa iko wapi?

Kigoma aliangua kicheko cha mtu aliyefunguliwa kamba.

— Aah! Kumbe njo hiyo! Wanataka kushaji simu! Voltaji, watumie shajeri zako mbili, wamwachilie mutoto wa watu! Watu wazima na bunduki, wanamufunga muntu siku mbili sababu ya...

— Usicheke, alisema Chef de Gare.

— Niache nicheke, Papa, tangu asubuhi...

— Nimesema usicheke! Ile si shajeri ya simu.

Alirudisha kikombe chake juu ya kisosi. Na mimi, niliyekulia Kifaransa kilekile cha shule alichokulia yeye, nililisikia lile neno upya, nikatamani nisingelisikia. Shajeri ni ule waya wa kuchajia simu. Shajeri ni kile kibweta cha risasi kinachopachikwa chini ya bunduki. Kwetu ni neno moja. Na mashine, kwa watu wa barieri, si laptopu wala tableti, ni bunduki.

— Vibweta viwili vya risasi, alisema Chef de Gare polepole. Njo vitu wanatafuta. Lakini nani aliwaambia kuko viwili?

Mouna alikuwa ametoa simu yake. Alitafuta, akapata, akaisoma kwa sauti mbele yetu.

— "Aristote, shajeri mbili nimezitia ndani ya mufuko wa unga. Mupokee kwa shofere wa lori. Usifungue mbele ya watu."

Mouna aliifunika simu kwa kiganja.

— Ni miye, alisema. Ni miye niliandika. Shajeri yake ilikuwa imeungua, nikasema nitume mbili ili moja ikiibwa abaki na ingine. Walikamata simu yake, wakasoma. Ni miye nimemufunga, Mama.

— Na ule mufuko? aliuliza Voltaji.

— Lori ilirudia njiani, njia ilikuwa imefungwa. Mufuko ulirudi biro. Ziko hapa.

Alifungua begi lake. Nyaya mbili nyeusi, kila moja na kibweta chake cha plastiki katikati, na unga wa muhogo bado umeganda kwenye vidole vya chuma. Ajabu ni kwamba nilipoziona niliogopa, mimi niliyekuwa naziona nyumbani kwangu kila siku.

— Tupa ziwani! alisema Kigoma, na safari hii hakuwa anataja ng'ambo. Futa mesaji, tupa zile vitu, bakia hapa!

— Nikifuta yangu, yao iko kule.

— Peleka barua ingine, alisema Chef de Gare. Yenye muhuri mukubwa.

— Barua mbili zimekwisha kulala kule, Papa.

— Wapelekee tableti kama zawadi, Voltaji alisema. Mukubwa wao akiona ile mpira...

— Mukubwa wao anafika leo, alisema Mama Constance. Niliwasikia. Wanamungojea mchana. Wanasema yeye hana muda wa kuuliza. Asipopewa hizo shajeri mbili, anapeleka ule kijana ndani ya pori.

Nikakaa juu ya gunia la makaa. Sitaficha nilichowaza. Niliwaza: afadhali yeye kuliko wangu. Niliwaza hivyo nikiwa namjua Aristote, ameketi benchi hili mara ngapi, anaomba sukari ya pili na kuniita Mama. Kisha nikaona haya, lakini wazo lilikuwa limekwisha kupita.

Mouna aliokota tableti, akaipangusa vumbi, akamkabidhi Kigoma.

— Papa, hii muirudishe biro. Nakamata laptopu.

— Laptopu! Itakufa saa nne, umesema mwenyewe!

— Imekwisha kufa. Tangu jana sikuiwekea umeme. Alibonyeza mbele yetu, na kioo kikabaki cheusi. Nitaiweka chini mbele yao hivi, imekufa. Nitasema, shajeri mbili ni hizi. Nitachomeka moja, itawaka. Nitatoa, nitachomeka ya pili, itawaka. Tableti haiwezi kusema hilo neno, yenyewe inakula kwa kawaya kadogo ka simu. Ni hii tu inaweza kuwaonyesha.

Voltaji ndiye aliyeliona tatizo, na ilionekana wazi kwamba angependa mwingine alione.

— Utachomeka wapi? Pale barieri hakuna umeme.

Wote tuliitazama betri yake. Na yeye aliitazama. Kisha akapiga magoti, akachomoa simu za watu moja moja, ya Mama Constance ya mwisho, akafungua nyaya.

— Kamata. Na hii boksi ya kugeuza umeme. Mouna, niangalie. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Ukigeuza, boksi inaungua, na hutakuwa tena na kitu cha kuwaonyesha. Rudilia.

— Nyekundu kwa nyekundu.

— Mikono yako inatetemeka.

— Nyeusi kwa nyeusi.

— Kule itatetemeka zaidi. Muntu mwingine ashike betri, weye ushike waya.

Ng'ambo ya njia dereva alipiga honi. Mama Constance alikuwa bado na kikombe chake mikononi, hajui majina yetu, hajui nani ni mtoto wa nani. Alitutazama mmoja mmoja, kwa utulivu, akitafuta tu kuelewa mambo yanavyokwenda mjini.

— Na nani anaenda naye?

Hivyo tu.

Chef de Gare aliliangalia goti lake, lile linalomsumbua wakati wa baridi. Kilikuwa kiangazi. Kigoma aligeukia ziwa, akakumbuka kwa sauti ya chini kwamba chombo chake kinaondoka saa nane. Voltaji alikuwa anapanga simu za watu kwenye kitambaa, anazihesabu, anazihesabu upya. Asubuhi nzima walikuwa wanajua mambo ya satelaiti. Sikuwalaumu. Nasema uongo, niliwalaumu wote watatu, na bado nawalaumu kidogo.

— Kahawa imekwisha, nikasema.

— Mama Mwavita, alisema Chef de Gare, birika inatoa mvuke.

— Imekwisha kwenu.

Birika ilikuwa imejaa zaidi ya nusu. Niliimimina yote ndani ya chupa ya moto, nikakaza kifuniko, nikafunga vikombe sita ndani ya leso. Watu wanaokesha barierini wana kiu kama watu wengine, na mtu aliyeshika kikombe kidogo cha moto ameshughulisha mkono mmoja. Nilimwagia makaa majivu. Mouna aliniambia Mama, hapana, Mama, weye bakia, nikamwambia akamate laptopu yake na anyamaze, mimi ndiye niliyemfundisha kushika vitu. Kisha niliikunja kanga ikawa ngata, Voltaji akanisaidia kujitwika betri, bila kunitazama usoni.

— Nyekundu kwa nyekundu, nilimwambia Mouna.

— Nyeusi kwa nyeusi, alijibu.

Tulipofika katikati ya njia nikageuka, na kugeuka na betri kichwani si mchezo. Mama Constance alikuwa amebaki benchini katikati ya wanaume watatu wenye vikombe vitupu.

— Mama, nilimwita. Benchi nakuachia paka nirudi. Anayekaa bila kunywa, umuinue.

Walisimama wote watatu kabla hajafungua mdomo, na hakuna aliyejua aende upande gani.